Kinyozi Aliyesubiri Umeme wa Marekani Upande

Mzee Maxi hasomi maandishi madogo. Hilo ndilo jambo la kwanza la kujua kumhusu, na ukishalijua unaweza hata kuacha kusoma hapa, maana mengine yote yametokana nalo.

Jina lake kamili ni Maximilian. Aliteremka kutoka Mahenge akiwa kijana, na tangu hapo ananyoa vichwa Ifakara, katika chumba chenye mlango mmoja na kioo kilichopasuka pembeni. Juu ya kioo ameandika kwa rangi nyekundu, kwa mkono wake mwenyewe: HATUTUMII WEMBE. Chini yake, kwa herufi kubwa zaidi: HATUACHI KICHWA NUSU.

Mtu asiyeishi bondeni hawezi kuelewa fahari iliyomo katika maneno hayo ya pili. Wakati wa mavuno, mpunga unapomiminika mjini kutoka Mngeta, Chita na Kiberege, mashine za kukoboa huunguruma kutwa, na zikiunguruma umeme unashuka. Taa zinafifia, feni zinazunguka kama zimelazimishwa, na mashine ya kunyolea inaanza kung'ata nywele badala ya kuzikata. Kinyozi wa kawaida humwambia mteja aende, arudi jioni. Wapo watu waliokwenda msibani wamenyolewa upande mmoja, na mpaka leo msiba ule unakumbukwa kwa kichwa chao kuliko kwa marehemu.

Maxi hajawahi kumwachia mtu aibu hiyo. Yeye husubiri. Anamwacha mteja kitini na taulo shingoni, anakaa kwenye benchi, anakunja nne, na kungoja jirani yake Masanja azime mashine ya kukoboa akale. Masanja akizima, umeme unapanda na kichwa kinamalizika. Kwa njia hii, ambayo haihitaji kipaji chochote zaidi ya makalio, amejijengea jina kuanzia Kibaoni hadi mtoni.

Masanja ni Msukuma. Baba yake alihamia bondeni na ng'ombe. Mtoto akauza ng'ombe akanunua mashine. Wawili hao wanatukanana kila asubuhi kwa furaha.

"Mwangaluka, Mzee Maxi! Umeshang'oa nywele za nani leo?"

"Nyamaza wewe. Mlikuja na ng'ombe mkamaliza nyasi, sasa unamaliza umeme."

"Umeme haunyolewi, Mzee. Umeme unakoboa. Nywele nyoeni kwa chupa, kama babu zenu."

Sasa tuone jinsi mtu huyu anavyochomeka plagi. Mashine yake ina plagi ya miguu miwili ya mviringo. Soketi zetu, kama kila mtu ajuavyo, zina matundu matatu, na yale mawili ya chini yamefungwa kwa ndani mpaka kitu kiingie tundu la juu. Mtu mwenye akili angenunua plagi ya miguu mitatu akaifunga. Maxi huchokonoa tundu la juu kwa mkia wa kitana chake cha plastiki, anasukumiza plagi chini, anachomoa kitana na kuendelea kuchana. Anaita kitendo hicho "kufungua mlango". Nusu ya nchi inafanya hivyo kwa kalamu, kwa kijiti cha kiberiti, kwa chochote kilicho karibu, halafu inashangaa nyumba zikiungua.

Nisiseme wageni wana nafuu. Kwenye nyumba moja ya wageni hapahapa mjini nilimkuta mtafiti kutoka ng'ambo, amekuja kuchunguza mbu, na kikaushia nywele chake kilikuwa kimetoa cheche na kuzima jengo zima. Ana shahada tatu. Naye hakuwa amesoma maandishi madogo. Alikuwa amenunua adapta uwanja wa ndege, plagi ikaingia ukutani, akaridhika. Ujinga huu hauna pasipoti. Ila wa Maxi ulipopata pasipoti ukawa na makuu zaidi.

Ulipataje? Mdogo wake Maxi alifariki zamani akiacha watoto wawili, Nelly na Fidel. Nelly anauza katika duka la dawa pale sokoni. Fidel alikwenda Marekani kusomea uuguzi, akapata kazi hukohuko, halafu akapata mchumba. Ikapangwa harusi. Katika ukoo wao bwana harusi hunyolewa asubuhi ya ndoa na baba yake, na kama baba hayupo, na baba mkubwa. Mtu baki hagusi kichwa hicho. Basi Fidel alituma tiketi mbili, moja ya dada yake, moja ya mkono wa kumnyoa.

Maxi aliifunga mashine yake ndani ya taulo kama mtoto mchanga. Nelly akamwambia soketi za kule ni tofauti. Walipopita Dar es Salaam mzee akanunua Kariakoo adapta nyeupe, nene kama sabuni ya kipande, yenye miguu ya kila namna inayochomoza ukisukuma kitufe. Muuzaji alimwambia inakula nchi mia na hamsini.

"Mia na hamsini!" Maxi alirudia njia nzima. "Nelly, hata Papa hajafika nchi mia na hamsini."

Nimewaona watu wengi wenye adapta hizo. Wanazishika kwenye viwanja vya ndege kama funguo za dunia. Kumbe kitu chenyewe ni kiatu tu. Kinaibadilisha plagi miguu ili iingie kwenye tundu la mwenyeji, basi. Umeme unaokutana nao mle ndani ni wa mwenyeji, kwa nguvu ya mwenyeji, na mashine yako ama imeumbwa kuustahimili au haikuumbwa. Jibu huwa limeandikwa mgongoni mwa mashine, kwa yale maandishi madogo.

Asubuhi ya harusi, Fidel alimwamkia baba yake mkubwa, akakaa kwenye kiti cha jikoni na taulo mabegani. Misa ilikuwa kabla ya saa sita. Nywele alikuwa ameziacha ziote makusudi, ili mzee apate kazi. Yaliyofuata ninayo kwa mdomo wa Nelly na kwa simu yake, maana alirekodi, akidhani anarekodi baraka.

Maxi akatafuta soketi. Soketi za Marekani zina matundu mawili membamba ya wima juu na moja la mviringo chini, mfano wa uso wa mtu aliyeshtuka. Maxi akaikodolea, nayo ikamkodolea. Kisha akatoa kitana, akautia mkia wake mdomoni mwa ule uso.

"Baba mkubwa, unachokonoa nini?" Fidel akauliza.

"Nafungua mlango."

"Hakuna mlango. Chomeka tu."

"Kila soketi ina mlango, mwanangu. Watu hawa hawawezi kuacha umeme wazi hivi na watoto wapo."

Bahati yake kitana kilikuwa cha plastiki na lile tundu halina umeme. Angechokonoa jicho kwa mkasi, tungekuwa tunasimulia matanga. Nelly alimpokonya kitana, akachomeka adapta, akachomeka mashine. Ikaingia vizuri kabisa, na hapo ndipo mtu mpumbavu huwa na hakika kwamba yote yako sawa.

Mashine ikalia. Lakini haikunguruma kama Ifakara. Ililia kwa sauti nyembamba, ya mbu aliyechoka. Maxi akaipitisha kisogoni, ikakata kidogo. Akaipandisha juu ya sikio la kushoto, ikakata huku ikivuta. Fidel akafumba macho. Ilipofika utosini ikashika nywele na kubaki imezing'ata, haikati wala haiachii, na mzee akalazimika kuinasua taratibu kama anayenasua ndoano kwenye mdomo wa kambale.

Akaizima. Akaitazama taa ya dari. Kisha akatamka, kwa utulivu wa mtu aliyeona mengi:

"Umeme mdogo. Kuna mtu anakoboa."

Kwenye video inasikika sauti ya Nelly akicheka, halafu akigundua kwamba mzee hatanii.

"Baba mkubwa," akasema Fidel, "hapa hakuna anayekoboa mpunga."

"Basi wanasaga. Hawali hawa?"

"Hakuna mashine mtaa huu."

"Ipo. Huijui kwa sababu unashinda kazini. Tusubiri wakale."

Akavuta kiti, akakaa, akakunja nne.

Naomba uione picha hiyo. Bwana harusi ana kichwa kilichonyolewa upande wa kushoto na chenye msitu upande wa kulia. Kanisa limepambwa. Mchumba wake, Careen, anavalishwa nyumba ya tatu kutoka hapo. Na mtu mzima, aliyeletwa kwa ndege juu ya bahari, amekaa jikoni mwa watu akingoja Masanja wa Marekani azime mashine akale ugali. Alikuwa amevuka nusu ya dunia bila kutoka Ifakara hata hatua moja.

Fidel ni muuguzi, amezoea wagonjwa wakaidi. Akaichukua mashine, akaigeuza, akaisogeza dirishani.

"Tazama hapa mgongoni. Imeandikwa volti mia mbili ishirini hadi mia mbili arobaini. Umeme wa huku ni mia na ishirini. Haujashuka, baba mkubwa. Ndiyo kimo chake."

"Kimo chake!" Maxi akacheka. "Nchi yenye magari kama siafu, umeme wake uwe nusu ya wa Ifakara? Nani kakudanganya?"

"Ndivyo ulivyo."

"Na hii adapta je? Nchi mia na hamsini!"

"Itaingia ukutani kwenye nchi zote hizo. Kuingia tu. Haiongezi umeme wala haipunguzi."

Maxi akanyoosha kidole, kama wakili aliyemnasa shahidi. "Mbona simu ya Nelly imejaa kwa adapta hiihii?"

"Chaja yake imeandikwa mia moja hadi mia mbili arobaini. Hiyo inakula kote. Mashine yako haimo. Pasi yako nayo haimo, wala birika lako. Kila kitu kina maandishi yake, unasoma kwanza ndipo unachomeka."

"Nimenyoa kabla hujazaliwa, na sijawahi kuisoma mashine. Mashine haisomwi, inasikilizwa. Nami naisikia inasema umeme mdogo. Kaa, mwanangu. Sijawahi kuacha kichwa nusu, sitaanza na chako."

Hilo la mwisho alilisema kwa sauti nyingine, na Nelly anasema hapo ndipo alipoacha kucheka. Mzee alikuwa ameanza kutokwa jasho. Kwa kiburi chake chote alijua kinachomngoja: apande mbele ya wageni wa Careen nyuma ya kichwa kile, kazi ya mkono wake, halafu arudi Ifakara na Nelly akiwa na video kwenye simu.

Rafiki mmoja wa Fidel, aliyekuja kumchukua kwenda kanisani, akapendekeza kinyozi wa pale jirani. Maxi akasimama mlangoni akautandaza mkono. Mtu baki hagusi kichwa hiki. Akapendekeza basi wakaazime mashine ya kinyozi huyo, anyoe mzee mwenyewe. Maxi akasema kunyoa kwa mashine ya mtu mwingine ni sawa na kupiga mswaki wa mtu mwingine. Wembe? Wakamwonyesha nyembe za bafuni. Akawauliza kama hawakusoma bango lake. Na kila baada ya muda mfupi aliiwasha mashine, akasikiliza kilio cha mbu, akaizima na kusema, "Bado wanakoboa."

Nelly ndiye aliyechoka. Akatoka, akatembea hadi dukani, akarudi na mashine mpya ndani ya boksi. Hakumpa mzee. Alimpa Fidel, na Fidel, ambaye akili yake sijui aliirithi wapi, akaishika kwa mikono miwili na kupiga magoti na taulo lake.

"Baba mkubwa, nilikuwa nimekuwekea zawadi hii mpaka jioni. Lakini pokea sasa. Ni yako."

Maxi akaitazama. Ya kwake, si ya mtu. Akaipokea, akaichomeka ukutani bila adapta, kwa kuwa ilikuwa mwenyeji wa pale, ikanguruma. Akamaliza kichwa haraka na kwa ufundi, sikatai. Harusi ilichelewa, upande wa kushoto wa kichwa ulikuwa mwekundu kama uliotambaliwa na upupu, lakini kichwa kilikuwa kizima.

Mtu mwingine angejifunza. Mzee Maxi alipangusa mashine, akamgeukia Nelly na kusema: "Si niliwaambia? Nimesubiri, umeme umepanda."

Siku ya kuondoka, uwanja wa ndege, Fidel alimshika mkono. "Baba mkubwa, mashine hii usiichomeke nyumbani. Umeme wa kwetu ni karibu mara mbili ya huu, utaiunguza. Mpaka upate transfoma ya kushusha. Adapta haitoshi. Umenisikia?"

"Nimekusikia," akajibu Maxi, kwa ile sauti ambayo wazee wetu huitumia kumaanisha kwamba masikio yanafanya kazi na mengine yote yamefungwa.

Aliporudi ilikuwa bado mavuno. Benchi la kinyozi likajaa watu waliokuja kunyolewa na wengi zaidi waliokuja kusikiliza. Aliwasimulia jinsi umeme wa Marekani ulivyoshuka siku ya harusi, jinsi vijana walivyobabaika, jinsi yeye alivyokunja nne. Mashine mpya aliitundika msumarini chini ya bango. Nilikuwepo siku ile, nikingoja zamu yangu, na niliiona. Nyuma, kwa herufi za mchwa, ilikuwa imeandikwa volti mia na ishirini. Nilimwambia. Akaniuliza kama mimi ni fundi umeme au mteja.

Masanja akaingia, kafunikwa pumba nyeupe toka nywele hadi viatu. Mashine yake ya kukoboa alikuwa ameizima aje kunyolewa.

"Mwangaluka, Mmarekani! Nelly katuonyesha video. Eti ulimsubiri nani amalize kukoboa kule? Shangazi yangu?"

Benchi likalipuka kwa kicheko. Maxi akabadilika uso.

"Kaa kitini," akasema.

"Nataka ile ya Marekani. Kama kweli inafanya kazi."

"Kaa!"

Akaitungua msumarini. Miguu bapa ya plagi akaivisha ile adapta ya nchi mia na hamsini. Kitana juu, mlango ukafunguka. Akawasha.

Haikunguruma. Ilipiga kelele, ta-ta-ta-ta, kama inayotaka kuruka mkononi. Masanja akadidimia kitini. Maxi akaipitisha kisogoni na juu ya sikio la kushoto, na kwa dakika moja hivi, lazima niseme, ilikata nywele kuliko mashine yoyote niliyowahi kuiona bondeni. Mzee aliangaza pande zote kama askofu. Kisha ikaanza kunuka plastiki. Kisha mkono wake ukaanza kuhama, kidole hadi kidole, kwa joto. Kisha uzi mwembamba wa moshi ukapanda kupita HATUTUMII WEMBE, na mashine ikanyamaza.

Nelly, aliyekuwa amesimama mlangoni na koti lake la duka la dawa, akasema tu: "Fidel alikwambia, baba mkubwa."

Maxi hakumsikia. Alikuwa anafikiri, na kumtazama akifikiri ni kama kumtazama mtu akibeba kitanda peke yake mlangoni.

"Umeme mkubwa," akasema hatimaye. "Umepanda mno. Masanja, kwa nini umezima mashine?"

"Nimezima nije kunyolewa!"

"Ndiyo kosa lako. Kaiwashe. Umeme ushuke kidogo, hii ipoe, nimalize."

Nilingoja Masanja amcheke. Lakini naye ana miaka mingi akisikia kwamba mashine yake ndiyo inayopandisha na kushusha umeme wa mtaa, na mambo hayo humwingia mtu. Akainuka na taulo shingoni, upande wa kushoto uking'aa na wa kulia ukiwa mweupe kwa pumba, akavuka barabara mbele ya wanawake waliokaa juu ya magunia yao ya mpunga. Wakampigia vigelegele. Mashine ya kukoboa ikaunguruma, taa zikafifia. Akarudi mbio, akakaa.

Maxi akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Ile ilikuwa imekufa, na hata yeye sasa alielewa harufu. Akaiweka chini polepole, akaitoa ya zamani kwenye taulo lake, akachomoa adapta, akafungua mlango kwa kitana na kuwasha. Ikalia kama mbu aliyechoka.

"Umeme mdogo," akasema Maxi.

"Kwa sababu umenituma nikawashe!" akapiga kelele Masanja.

"Sasa kazime."

"Mzee Maxi!"

"Kazime, au unataka kichwa nusu?"

Masanja akavuka tena barabara. Safari hii wanawake wenye mpunga walimzuia mlangoni pa mashine yake. Magunia yao yalikuwa yameshamiminwa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari mashine izimwe kwa ajili ya nywele za mwanamume. Tuliwasikia wakimwambia achague, mpunga au kichwa. Akabaki huko anakoboa, na sikio lake la kushoto linang'aa juani.

Mzee Maxi alikaa kwenye benchi kando yangu, mashine ya zamani mapajani, adapta mfukoni, bango juu ya kichwa chake. Akakunja nne. Mtu mmoja akamuuliza kama zamu yake imefika. Akamwambia hapana, bado kuna mteja kitini. Kiti kilikuwa kitupu. Niliinuka nikaenda zangu na nywele zangu, na nilipogeuka kona alikuwa bado amekaa, anangoja magunia yaishe.